Mwongozo wa Kulifunga Gurudumu Lisilotaka Kufungwa

Kwanza uwe na karavani. Kama huna, acha kusoma ukanywe chai yako kwa amani, maana yote yafuatayo yatakupita na hutapungukiwa na kitu.

Karavani ninayoisema hapa ni ile nyumba ndogo ya mabati membamba na plastiki ambayo Waingereza huifunga nyuma ya gari la familia kila linapotabiriwa jua la siku tatu. Ndani ina viti vinavyogeuka vitanda, jiko la gesi, na choo ambacho mwenye kitambi huingia kinyumenyume. Sisi tunayo. Mimi ni dereva wa basi katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, mke wangu ni muuguzi, na miaka minne iliyopita tulinunua karavani iliyokwisha tumika, yenye ekseli mbili. Wazo lilikuwa lake. Ukimuuliza yeye, lilikuwa langu. Hilo la ekseli mbili likumbuke, tutalirudia kwa machungu.

Jina lenyewe asili yake ni Kiajemi, karwan, na maana yake ni kile ambacho babu zetu walikiita msafara. Lakini msafara wa Bagamoyo kwenda Ujiji ulikuwa na kirangozi mbele na bendera yake, wanyapara wenye sauti, askari wenye bunduki na wapagazi kwa mamia. Mwizi angeweza kudokoa bunda la kitambaa au pembe moja. Kuuchukua msafara wote usiku, wenyewe wamelala, ingekuwa kazi. Hata aliyeanzisha starehe hii Uingereza hakusafiri peke yake. William Gordon Stables, daktari wa zamani wa jeshi la majini na mwandishi wa vitabu vya vijana, alipotoka mwaka 1885 na karavani yake ya farasi iliyoitwa Wanderer, alikuwa na mwendesha farasi, na mtumishi wake alitangulia kwa baiskeli ya matairi matatu kuwaonya watu wa mbele. Yaani Mskoti yule alikuwa na kirangozi wake, tena mwenye pedali.

Wewe huna kirangozi wala mnyapara. Karavani yako inalala uani peke yake, na kiungo chake cha mbele hukaa juu ya mpira wa chuma wa milimita 50, ukubwa ule ule kwa karibu kila gari linalovuta karavani nchini. Mwizi anarudi nyuma na gari lake, anaangusha kiungo juu ya mpira wake, anachomeka waya wa taa, kwaheri. Maji ya chai yako hayajachemka.

Na sheria inamrahisishia. Karavani ya Uingereza haina kadi ya usajili kama gari, wala namba yake yenyewe. Huvaa namba ya gari linaloivuta. Ikivutwa na mimi, inavaa namba yangu. Ikivutwa na mwizi, inavaa namba ya mwizi, na polisi akiipita barabarani anaona familia nyingine inayokwenda kuloa mvua ya Cornwall. Zamani, aliyefaulu mtihani wa udereva kuanzia mwaka 1997 alitakiwa afanye mtihani wa pili kabla ya kuvuta trela kubwa. Tarehe 16 Desemba 2021 sharti hilo likaondolewa, na leseni ya kawaida ya gari sasa inatosha kuvuta hadi kilo 3,500. Kwa hiyo siku hizi hata mwizi anayeheshimu sheria za barabarani hana kikwazo.

Watengenezaji waliliona tatizo, wakaanzisha mwaka 1992 daftari lao la usajili, na karavani zikaanza kuchorwa namba ya tarakimu na herufi 17 kwenye vioo vyake. Nilipoziona mara ya kwanza nilitabasamu kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini. Nani kati yetu hajachorewa namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na taa, tena akapigilia ribiti juu yake, kisha akaamka asubuhi na kukuta tundu tu? Wenzetu waliongeza vifaa vya kielektroniki vilivyofichwa ndani ya mwili wa karavani. Mambo mazuri, lakini yote hayo husaidia baada ya mali kwenda. Kabla haijaenda kuna kufuli.

Kufuli hutakwenda kulinunua kwa hiari yako. Utatumwa. Siku chache baada ya kukata bima utapokea kurasa kadhaa za maandishi madogo, na mahali fulani katikati, baada ya aya ya mafuriko na kabla ya aya ya panya, utakuta kwamba karavani ikiachwa peke yake bila kufungwa kiungo cha mbele na gurudumu kwa makufuli waliyoyakubali wao, dai lako la wizi linaweza kukataliwa. Soma pia aya ya funguo. Kampuni nyingine zitakutaka uwasilishe funguo zote mbili, za awali, siku ukiibiwa. Ukiwa na mmoja tu, watajiuliza wa pili anao nani, na utashangaa jinsi watu wapole wa kwenye simu wanavyoweza kujiuliza kwa muda mrefu.

Dukani utakuta madaraja. Kuna taasisi iitwayo Sold Secure, iliyoanzishwa mwaka 1992 kwa ushirikiano wa polisi wa Northumbria na Essex na sasa iko chini ya chama cha mafundi kufuli. Kazi yao ni kuyashambulia makufuli kwa zana za wezi, wakihesabu dakika, kisha kuyapa shaba, fedha, dhahabu au almasi. Ni kazi ambayo vijana kadhaa wa mtaani kwetu wangeifanya bila mshahara. La kukumbuka ni kwamba almasi hiyo ni kipimo cha muda. Mwenye grenda yenye betri, nafasi ya kutosha na majirani viziwi atamaliza kazi siku moja. Unachonunua ni kelele na dakika, ukitumaini kwamba mwizi ataitazama karavani yako, ataitazama ya jirani, na atakwenda kwa jirani. Majirani zako nao wanatumaini hivyo hivyo kuhusu wewe.

Epuka kufuli la bei rahisi lile la kukumbatia tairi kwa nje kama kaa. Halina kosa kubwa, ila kwa karavani yenye thamani kampuni ya bima italicheka. Watakachotaka ni la namna ya pili, ambalo ndilo limenifanya niandike. Nyuma ya gurudumu, kwenye mwisho wa ekseli, panafungwa mdomo wa chuma wenye meno ndani. Tuuite kipokeo. Unachukua sahani nene ya chuma yenye rangi kali, unaichomeka kwa nje katika mwanya mmoja wa rimu, kisha unapitisha bolti katikati ya sahani, bolti inapita ndani ya rimu, inauma meno ya kipokeo, unakaza, unafunika kwa kufuli lenyewe. Gurudumu na ekseli vimekuwa kitu kimoja. Ni ubunifu mzuri kabisa, na siuonei haya kuusifu. Tatizo lake ni moja. Ili bolti ipite, mwanya wa rimu lazima usimame mbele ya kipokeo, sawasawa. Sentimita mbili pembeni hazikubaliki, na ukijaribu kulazimisha utakuta chuma ndicho chenye subira zaidi.

Kabla ya hapo kuna mtego wa dukani. Rimu zinatofautiana spoki na mianya, kwa hiyo sahani nazo zinatofautiana, kila moja na namba yake. Usiende kununua kwa macho. Mimi nilikwenda kwa macho. Nilimwambia kijana wa dukani kwamba rimu yangu ina mianya mitano, "ya kawaida tu," naye kwa upole akanionyesha orodha ndefu ya rimu zenye mianya mitano ya kawaida tu. Piga picha, chukua namba ya rimu, soma jina la mtengenezaji wa chesisi, na chungulia chini kuhakikisha kwamba kipokeo kipo, maana karavani nyingine huzaliwa nacho upande mmoja, nyingine pande zote, na nyingine hazina kabisa. Wala usiazime la jirani kwa kuwa linafanana. Hayo mambo ya kufanana ndiyo huleta ugomvi.

Sasa tufike uwanjani, panapohusika mwongozo huu.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Wales, Ijumaa jioni, manyunyu. Kambi ya karavani ni mahali pa utulivu ambapo wastaafu hukaa mbele ya nyumba zao kwenye viti vya turubai, blanketi magotini, chupa ya chai miguuni, wakisubiri mgeni aje kurudi nyuma vibaya. Kama umewahi kusukuma gari lililozimika mbele ya kijiwe cha bao, unalijua jicho lile. Hawasemi. Wanaacha kucheza, basi.

Nilirudisha karavani mahali pake kwa ustadi ambao, nikijisifu kidogo, miaka 11 ya kuendesha basi imenipa. Nikaona kijiwe kimevunjika moyo. Nikatoa kiungo, nikasogeza gari mbele, nikashusha miguu minne ya pembeni, nikapiga pima maji, mambo safi. Ndipo nikachukua sahani na kupiga magoti kwenye nyasi zilizolowa.

Mwanya ulikuwa saa tisa. Kipokeo kilikuwa saa kumi.

Hebu tupige hesabu kidogo, kwa faida ya atakayekuja. Tairi ya kawaida ya karavani ya inchi 14 ina mzunguko wa kama mita mbili. Rimu ikiwa na mianya mitano, mwanya mmoja unafuatwa na mwingine kila baada ya kama sentimita 40. Kwa hiyo hutakuwa na haja ya kusogea zaidi ya sentimita 20, mbele au nyuma. Ukilisikia hivyo ni jambo dogo. Lakini sentimita 20 za karavani ya zaidi ya tani moja, iliyokwisha shushwa miguu, kwenye nyasi, ni jambo la ndoa.

Nikapandisha miguu yote minne. Nikafungua handbreki. Mke wangu akakaa kwenye gurudumu na tochi, mimi nikasukuma. "Bado," akasema. "Bado. Bado. Umepita." Nikasukuma nyuma. "Bado. Bado. Umepita." Kuna tofauti ndogo sana kati ya mahali ambapo mtu husema "bado" na mahali ambapo husema "umepita," na kufuli limejengwa ndani ya tofauti hiyo. Mara ya sita akasema, "Hapo hapo!" Nikavuta handbreki, na karavani, kama zifanyavyo zote, ikajiegemeza kidogo kwenye breki yake, kiasi cha sentimita tatu.

Mzee mmoja akasimama kwenye kiti chake. Alikuja polepole na kikombe mkononi, akatazama, akanywa funda, akaniuliza kwa heshima zote kama nilikuwa natumia njia ya chokaa. Sikuijua njia ya chokaa. Ni hivi: siku ukiwa nyumbani, pahali tambarare, bila haraka na bila watazamaji, liweke gurudumu sawasawa na kipokeo, kisha tia alama ya chokaa kwenye tairi, juu kabisa, saa kumi na mbili, mkabala wa alama nyingine kwenye mwili wa karavani. Fanya hivyo kwa kila mwanya. Ukifika kambini, msaidizi anaangalia alama akiwa amesimama wima kama binadamu, anakwambia simama, wewe ungali umefungwa kwenye gari lako na breki za gari ndizo zinazokamata. Gari likikamata, karavani haijiegemezi. Kiungo usikitoe mpaka bolti imeuma. Nimelipa bei kubwa kuijua sentensi hii, wewe unaipata bure.

Wenye fedha wana mota za kusukumia, zile zinazobana tairi na kuendeshwa kwa rimoti, na kwao karavani husogea sentimita moja moja huku wamesimama mkono mfukoni. Siwaonei wivu. Nimeuliza bei mara mbili tu.

Kiwanja kikiwa na mteremko wa ubavuni, tatizo huzaa. Upande wa chini lazima upande juu ya kabari ya plastiki ili karavani ikae sawa, la sivyo utalala damu yote ikiwa imeteremkia shavu moja. Hapo gurudumu linatakiwa lisimame mahali fulani juu ya kabari, na papo hapo lisimame katika pembe fulani mbele ya kipokeo, na mahali hapo pawili hapajawahi kujuana. Kanuni ni kusawazisha kwanza, kufunga kufuli pili, miguu ya pembeni mwisho. Mimi nilianza na miguu, kama uliyesoma hapo juu ulivyoona, na wazee waliona pia.

Halafu, ekseli mbili. Nilisema tutalirudia.

Karavani ya ekseli mbili ina magurudumu manne, na huenda bima ikakuambia ufunge mawili ya upande mmoja. Unasogeza mpaka la mbele limekaa. Unatazama la nyuma: liko nusu mwanya. Unasogeza mpaka la nyuma limekaa. La mbele limeondoka. Yote mawili yanazunguka pamoja, sentimita kwa sentimita, kwa hiyo pengo lililopo kati yao litabaki lile lile ukisukuma kutoka Wales mpaka Dover. Nilisukuma karibu nusu ya njia hiyo kabla ya kulielewa. Dawa ni kuliinua moja hewani na kulizungusha kwa mkono. Wengine hupandisha gurudumu la mbele juu ya kabari ndefu mpaka la nyuma linaning'inia. Wengine hutumia jeki. Vyovyote utakavyofanya, karavani iwe imefungwa kwenye gari, handbreki ya gari juu, magurudumu ya upande wa pili yamewekewa vigingi, na jeki ikae mahali pake palipotajwa kwenye kitabu. Ile miguu minne ya pembeni imetengenezwa kuituliza nyumba isitikisike ukigeuka kitandani, haikutengenezwa kuinua kitu. Aliyeinulia nayo amepindisha sakafu. Na usiingie chini ya karavani iliyosimama kwa jeki peke yake, hata kuokota ufunguo, hata ukiuona unakutazama. Hapo sina utani.

Saa mbili na robo usiku makufuli yote mawili yalikuwa yamefungwa. Kijiwe kilipiga makofi. Mke wangu alikuwa amelala.

Nikampigia mjomba Tanga kumpa habari, maana yeye alikuwa utingo wa malori zaidi ya miaka 20 na nilidhani atafurahi kusikia mambo ya bolti.

"Kwa hiyo mjomba, usiku nani analilinda hilo dude?"

"Kufuli, mjomba."

"Linapiga filimbi?"

"Halipigi."

"Akija mtu, linamuuliza wewe nani?"

"Haliulizi."

"Basi tafuta Mmasai," akasema, na akataka kuongea na mke wangu kama ni mzima.

Ni vigumu kumweleza mtu wa nyumbani kwamba umetoa mamia ya paundi kujifunga mwenyewe. Sisi tunaijua minyororo ya magurudumu kwa upande mwingine: umeegesha mjini dakika tano, unarudi, chuma cha njano kimelikamata tairi na kijana mwenye stakabadhi anakutazama kwa huruma ya kikazi. Chuma kile kina baba. Alikuwa mpiga fidla wa orkestra ya Denver, Marekani, aitwaye Frank Marugg, aliyekuwa mchongaji na mbunifu wa vitu vya chuma pia. Polisi wa mji wake walianza kukitumia mwaka 1955, na London ikakipokea mwaka 1983. Mwanamuziki mzima, siku nzima anatengeneza sauti tamu, jioni anabuni kitu cha kuwatoa watu machozi. Waingereza baadaye walichoka, na tangu tarehe 1 Oktoba 2012 ni kosa la jinai katika England na Wales kwa mwenye uwanja binafsi kulifunga gari la mtu mnyororo bila mamlaka ya kisheria. Ndiyo maana nikasema ni vigumu kumweleza mjomba. Bunge lilikaa, likatunga sheria kuniokoa nisifungwe gurudumu, nami nikaenda dukani kununua la kujifunga.

Ufunguo. Watu wengi wakisoma miongozo hii huruka sehemu ya ufunguo wakidhani wanaujua. Usiuache ndani ya karavani. Mwizi akivunja dirisha atakushukuru. Usiuweke pamoja na ufunguo wa kiungo cha mbele kwenye kishikizo kimoja kisicho na alama, maana usiku vyote ni vidogo na vyeusi. Namba iliyochongwa kwenye ufunguo iandike mahali pasipokuwa kwenye karavani, kwa sababu ukiupoteza, namba hiyo ndiyo utakayoombwa ili utengenezewe mwingine. Na kama una makufuli mawili, yatie rangi, moja nyekundu, moja bluu, na funguo zake vivyo hivyo.

Sisi hatukuyatia rangi. Jumatatu asubuhi kule Wales, kufuli la mbele lilifunguka kama siagi. La nyuma likakataa. Tukatafuta mifukoni, chini ya magodoro, ndani ya chupa ya sukari. Mwishowe mke wangu akakaa kimya kwa namna ninayoijua, akasema kwamba huenda, labda, ufunguo uko kwenye mfuko wa sare yake ya kazi, nyumbani, kwa kuwa siku ya kuondoka mimi ndiye niliyempa nikimwambia "nishikie hapo." Wa akiba nao uko kwenye droo ya jikoni. Tukampigia shemeji. Shemeji ni mtu mwema sana. Aliacha kazi yake, akaendesha saa tatu kwenye mvua, akafika akitabasamu, akanyoosha mkono, akanipa ufunguo wa kiungo cha mbele.

Sitaeleza saa sita zilizofuata.

Majira ya baridi yana mambo yake. Karavani hukaa miezi imesimama, nyingi kwenye viwanja vya kulipia vyenye kamera na geti. Tairi likisimama mahali pamoja muda mrefu huota ubapa upande wa chini, kwa hiyo mafundi hushauri uligeuze kidogo mara kwa mara. Kufuli nalo linataka lisimame pale pale. Vipatanishe kwa kuhama kutoka mwanya mmoja kwenda mwingine: kila ukienda kuikagua, sogeza zile sentimita 40 zako na ufunge tena. Paka sahani mafuta kidogo, na hakikisha kifuniko cha tundu la ufunguo kipo, kwani maji yakiingia yakaganda, utasimama kwenye theluji ukipulizia kufuli pumzi ya moto kama mtu anayembusu farasi. Ukiwa hapo chini angalia tarehe kwenye tairi. Tairi la karavani halimalizwi na barabara, linazeeka likiwa limesimama, na ushauri wa kawaida ni kulibadilisha likifika miaka mitano na lisivuke saba hata kama meno yake ni mapya. Kila gurudumu likitolewa na kurudishwa, bolti zake zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu, na zikaguliwe tena baada ya kilomita chache. Karavani iliyopoteza gurudumu kwenye barabara kuu haihitaji mwizi.

La mwisho ni kuondoka. Hapa ndipo wanaposhindwa hata wazoefu, kwa kuwa furaha ya kwenda nyumbani ina haraka. Funguo za kufuli zitundike kwenye usukani wa gari tangu siku unapofika, ili usiweze kuwasha bila kuzigusa. Zunguka karavani yote, mkono ukigusa kila gurudumu, hata kama mvua inanyesha, hata kama watoto wanalia, hasa kama shemeji anakuambia twende.

Maana mwaka uliofuata shemeji aliazima. Baada ya wema wa Wales ningekataaje? Nilimfundisha chokaa, nikamfundisha kabari, nikamfundisha rangi, na yote aliyashika. Kule Devon, siku ya kurudi, alifungua kufuli jekundu, akaliweka ndani ya sanduku vizuri, akaaga majirani, akakanyaga mafuta. Gari likanguruma. Karavani haikwenda. Akaongeza mafuta, magurudumu ya gari yakaanza kuchimba nyasi za watu. Alinipigia simu kuniambia kwamba breki za karavani zimeshika na nilipaswa kumwonya. Nikamwuliza ameona kufuli la bluu. Kimya. Kisha nikasikia, kwa mbali kidogo, sauti ya mzee wa Kiingereza na mbwa wake, ikimuuliza kwa heshima zote kama lile dude la bluu kwenye gurudumu la nyuma ni la mapambo.

Bima tumeikata tena mwezi uliopita. Kwenye fomu walituuliza kama kumewahi kuwa na jaribio lolote la kuiondoa karavani likazuiwa na kufuli. Kwa miaka minne, waliojaribu wakashindwa ni wawili, mimi na shemeji, na tumeandika hapana.